Viguu Tisa vya Shaba

Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka hadi kwenye madirisha, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba skrini ilishika mvuke kila Fundi alipoisogezea uso. Kompyuta ilikuwa juu ya benchi lake la useremala, imewaka kwa saa tatu mfululizo. Haikuzima. Hilo ndilo lililomtisha.

"Zima basi," aliinong'oneza. "Zima nikuone."

Feni iliendelea kuvuma taratibu, kama mtu asiye na hatia.

Fundi alikuwa na miaka hamsini na tisa. Milango na vitanda vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata stuli. Kifua kilipoanza kukataa vumbi la mbao, alijiandikisha masomo ya jioni, akakaa na vijana wa rika la wajukuu zake, akajifunza kuunda kompyuta kipande kwa kipande. Hii ilikuwa ya kwanza. Aliiunda kwa mikono yake, akaiombea dua, akaipeleka zahanati iwe sadaka. Humo ndimo walimoandikwa wagonjwa wa kisukari, nani kachomwa sindano na saa ngapi.

Kisha ikaja Alhamisi iliyopita. Asubuhi, muuguzi ambaye watu wote humwita Sista alimchoma sindano mzee mmoja, Babu Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hanyamazi kutwa. Sista akaiandika sindano kwenye kompyuta. Kabla haijahifadhiwa, kompyuta ikajizima. Foleni ilikuwa ndefu. Akaiwasha tena, akaendelea, akidhani ya Babu imeshaingia. Babu ana maradhi ya kusahau. Alasiri alirudi, akamkuta muuguzi wa zamu nyingine, akanyoosha mkono kama mtu ambaye hajachomwa. Muuguzi akatazama skrini. Hakuna kitu. Akamchoma tena.

Babu alianguka getini, sukari imemshuka, jasho linamchuruzika, midomo inatetemeka. Waliomwahi na maji ya sukari ndio waliomrudisha.

Zahanati nzima ililaumu umeme. "Fundi, huu umeme wetu si unaujua," Sista alimwambia. Fundi alitikisa kichwa kukubali, lakini moyoni hakuamini. Maana alikuwa ameulizia kimyakimya. Saa ile taa za zahanati hazikuzimika. Feni ya darini haikusimama. Kilichozimika ni kitu kimoja tu, kile alichokiunda yeye.

Aliichukua nyumbani kuikagua, na leo saa kumi Sista alitaka arudishiwe mashine yake.

Siku nne Fundi alikuwa ameitafuta hitilafu kama alivyofundishwa: gusa kitu kimoja tu, kisha subiri. Alibadilisha vijiti vya kumbukumbu, kimoja leo, kingine kesho. Alibadilisha kisanduku cha umeme. Alipima joto, akafuta vumbi kwa brashi ya rangi. Nyumbani mashine ilijizima mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa amegeuka upande mwingine. Alianza kuogopa kuipa mgongo.

"Mola wangu," alisema, kiganja juu ya kasha la bati, "usinifiche. Kama ni mkono wangu, nionyeshe. Lakini nionyeshe kabla ya saa kumi."

Mkewe aliingia, beseni la nguo mbichi kiunoni.

"Baba, chai imepoa mara ya pili. Au niseme tu kwamba nimeletewa mke mwenza wa bati?"

"Mama, leo niache."

"Nikuache mara ngapi? Hata huyo mwenzangu amechoka kutazamwa." Akalitua beseni juu ya benchi, pu.

Skrini ikawa nyeusi.

Feni ilizunguka mara mbili tatu kwa nguvu ya mwisho, ikasimama.

"Si mimi," mkewe alisema haraka.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Beseni. Ngoja niiwashe, kisha ulitue vilevile."

Alilitua, mashine ikadumu. Akalitua tena, ikadumu. Mara ya tatu ikazima, na mama wa watu akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. "Baba, kitu hiki kina mdudu!"

Fundi alikuwa anaiona akilini droo ya ile meza ya Sista iliyobeba mashine, droo ngumu inayofungwa kwa goti kila baada ya sindano. Alimpigia simu mwalimu wake wa jioni, binti ambaye angeweza kuwa kitindamimba wake.

"Mwalimu, shikamoo yangu ipokee baadaye, nina jambo."

"We Mzee! Wewe ndiye wa kunipa shikamoo? Sema, kuna nini?"

"Ikitikiswa inazima. Si kila mara. Mara nyingine tu."

"Chomoa umeme. Fungua kasha, utoe ubao mkuu wote. Niambie, ubao wenyewe una matundu mangapi ya skrubu?"

Ilimchukua muda. Simu aliiegemeza kwenye randa, mkewe akimshikia skrubu moja moja kiganjani.

"Sita, Mwalimu."

"Na vile viguu vya shaba chini yake, vinavyouinua usiguse bati, uliweka vingapi?"

Fundi alivihesabu kwa ncha ya kidole. "Tisa."

"Tisa? Kwa nini tisa?"

"Kasha lina matundu tisa. Mwalimu, mimi ni seremala. Nani anaacha tundu tupu? Meza isiyo na mguu wa katikati inapinda."

Upande wa pili kulisikika pumzi ndefu, nusu kicheko nusu masikitiko. "Huo ubao si meza, Mzee wangu. Penye tundu la ubao ndipo penye kiguu, basi. Kisicho na tundu kinaugusa mgongo wake, pale penye njia za umeme. Ubao ukitikisika kidogo tu, umeme unakatiza pasipo pake. Ugeuze uutazame."

Akaugeuza. Nyuma ya ubao, mkabala na kimoja cha viguu vitatu visivyo na tundu, kulikuwa na doa jeusi dogo kama kichwa cha sisimizi.

Akaketi juu ya pipa la gundi. Ndani ya doa lile aliiona midomo ya Babu ikitetemeka. Hakuna adui, hakuna umeme mbovu. Ni ule uangalifu wake uliomletea sifa miaka arobaini.

"Nikiviondoa vitatu," aliuliza, "itakuwa imepona?"

"Huenda."

"Huenda?"

"Huenda hilo doa limeshaujeruhi ubao. Inaweza kufanya kazi miaka kumi. Inaweza kuzima wiki ijayo."

"Niapie, Mwalimu."

"Hilo siwezi kukuapia, Mzee. Hata ya kwangu siiapii."

Saa kumi kasorobo alifika zahanati, kasha kifuani kama mtoto mgonjwa. Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa, na mwishoni kabisa aliketi Babu Redio.

"Fundi! Umetuletea tena jini lako? Mwambie anitafutie stesheni!"

Watu wakacheka. Sista alichomeka nyaya mwenyewe, akawasha, akaifunga droo kwa goti, tii. Mashine haikutetereka. Akafunga tena. "Umeona? Nilisema ni umeme tu. Haya Babu, njoo, mkono."

Fundi angeweza kuaga. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama.

"Sista, ngoja. Weka sindano chini."

Sista akageuka.

"Haikuwa umeme. Ni mimi." Aliligusa kasha. "Niliweka viguu vitatu visivyotakiwa. Ndivyo vilivyoizima Alhamisi. Nimevitoa, lakini siwezi kuapa kwamba haitazima tena."

Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Hata Babu Redio alinyamaza, akimtazama kama mtu anayejitahidi kukumbuka uso.

"Fundi," Sista alisema polepole, "daftari la sindano tulilifunga siku ulipotuletea hii, na siku hizi nne tumeandika kwenye vikaratasi. Sasa unataka nifanye nini?"

Aliitazama skrini. Mstari mdogo ulikuwa ukiwaka na kuzimika, ukiwaka na kuzimika, ukingoja jina. Alivua kofia yake.

"Mbele yenu nyote nasema. Kuanzia leo, siku arobaini, nitakaa hapa tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Kila sindano itakayoandikwa humu nitaiandika na mimi kwa kalamu, kwenye daftari. Ikizima hata mara moja, nitaichomoa kwa mkono huuhuu. Na Babu akisahau, ninyi mmkumbushe: siku akija asinikute, asikubali kuchomwa."