Kurudi Kabla ya Pasaka

Nsabimana hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke, hakuwa na ndugu aliye hai. Hakuwa na cheo kanisani, wala viatu vya kuingilia humo, wala sauti ya kunyamazisha watu. Alikuwa na binti mmoja, Immakulata, na kisomo alichokipata uzeeni, katika darasa la jioni la watu wazima hapa Kibondo, alikofikia baada ya kukimbia kwao Ruyigi, Burundi, mwaka 1972.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, alimpelekea binti yake machipukizi ya migomba, akayapanda nyuma ya nyumba. Aliporudi kuyatazama aliyakuta yameng'olewa na kulazwa juani.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi, baba," alisema Immakulata. "Mtumishi Makarius amekataza. Mgomba ni mmea wa mtu anayekaa. Sisi tunarudi kabla ya Pasaka."

Makarius alikuwa mkimbizi kama wao, mtu wa maombi na ndoto. Alisema ameonyeshwa askari wakiweka silaha chini na kuwapokea akina mama mizigo ng'ambo ya mto, upande wa Burundi. Tangu hapo kanisa zima lilipanda maharage tu, kwa kuwa huiva upesi. Reverien, mume wa Immakulata, alikwisha kufunga mizigo.

Jumapili Nsabimana alisimama kanisani na Biblia yake. Alisoma barua ambayo Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli, kwamba wajenge, wapande, waoze watoto wao, na wasiwasikilize manabii wanaowaahidi kurudi upesi.

"Mzee," Makarius alisema kwa upole, "barua hiyo waliandikiwa Wayahudi. Wewe ni Myahudi wa Ruyigi?"

Watu walicheka. Reverien alicheka kuliko wote.

"Watu wa Beroya walimpima hata Paulo alipowahubiria," alisema Nsabimana. "Hawakukaripiwa."

"Basi kapime, mzee. Sisi tunafunga mizigo."

Akaenda kupima. Alipanda lori hadi Kasulu, kwa Isihaka, mwuza chumvi aliyenunua maharage mpaka mpakani.

"Mimi sijui ndoto, mzee," Isihaka alimwambia. "Najua njia. Kundi la watu wa kanisa kama lenu lilivuka juzijuzi, wanaimba. Waliowavusha wanasema waliwafikisha ng'ambo. Baada ya hapo hakuna anayesema kitu, na watu wa mpakani si watu wa kunyamaza."

"Nahitaji shahidi wa pili. Andiko linataka wawili."

"Hata kwetu," alisema Isihaka. Akamwita Kuruthumu, mwanamke aliyeuza nguo kuukuu katika masoko ya mpakani, na hakumdokezea alichosema yeye.

"Nililetewa vitambaa vya kichwa," alisema Kuruthumu. "Vyeupe, vina msalaba mwekundu, vya kina mama wa kanisa. Rundo zima, na aliyevileta alikuwa mwanamume kutoka ng'ambo, anataka bei yoyote. Mama mmoja akiwa na shida atauza kitambaa chake, mzee wangu. Hawauzi wote siku moja. Sikununua."

Nsabimana alirudi akawaeleza binti yake na mkwewe, neno kwa neno.

"Baba mkwe," alisema Reverien, "umeacha neno la Mtumishi ukaenda kwa mwuza chumvi na mwuza matambara. Waislamu wote wawili. Walikupa na kahawa?"

"Walinipa. Mkienda hawapati kitu, mkibaki hawapati kitu. Ndiyo maana nimewaamini. Kamwulize Makarius, yeye atavuka lini?"

"Mwisho, akishakusanya wote."

Reverien akatoka. Immakulata aliendelea kuchambua maharage.

"Msalaba mwekundu, baba?"

"Mwekundu."

Kitambaa chake kilikuwa ndani ya mzigo. Alitazama mzigo, kisha mlango.

"Basi baki, mwanangu."

"Reverien akienda ataenda na watoto. Watoto ni wake. Nikibaki, nibaki na nini?"

Nsabimana alifungua Biblia. Alipata mengi kuhusu wake na waume na watoto, lakini hakupata la kumzuia binti yake.

Waliondoka wanaimba. Nsabimana alimbeba mjukuu mdogo hadi njia panda, akamkabidhi kwa mama yake.

Pasaka ilipita, mvua zikakatika. Isihaka alituma habari kwamba hakuna habari. Kuruthumu hakutuma neno, na Nsabimana hakuthubutu kumwuliza alicholetewa.

Makarius hakuvuka. Ikasikika kwamba anakwenda Muyama, kwa wakimbizi wengine, na kwamba sasa ameonyeshwa Krismasi.

Nsabimana akawaandikia wazee wa kanisa la Muyama. Aliandika alichosema Makarius, kisha alichosema Isihaka, kisha alichosema Kuruthumu, kisha majina ya waliovuka, akianza na la binti yake. Aliwaomba wasimwamini hata yeye. Wamtume mtu Kasulu akaulize. Alijua wangeweza kumpa Makarius mwenyewe awasomee.

Aliifunga bahasha kwa uji wa muhogo, akaishikilia barabarani mpaka ikauka. Lori la Muyama lilipofika akampa utingo. Mbele, kando ya dereva, alikaa Makarius, amevaa shati jeupe.

"Ubarikiwe, mzee," alisema Makarius.

Utingo aliipachika bahasha kwenye kioo cha mbele, lori likaondoka.