Nepapiyo ya Karani Placide

Picha ilifika Kabambare mwaka wa 1950, ndani ya mfuko wa posta, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Mkuu wa teritori, yaani wilaya, aliamuru itundikwe ukutani mwa biro, ofisi yake, ili iwatie watu moyo. Mzungu huyo watu walimwita Bwana Polepole, kwa kuwa ndilo neno alilopenda kuwaambia wengine huku yeye mwenyewe akikimbia.

Aliyeitundika ni karani Placide. Alipigilia msumari, akashuka kwenye kiti, kisha akasimama mbele ya picha muda mrefu, maana alikuwa mtu wa kusoma kitu kutoka juu mpaka chini kabla ya kusema lolote. Ilionyesha watu weusi wanne wa Kasongo, wa kwanza kupewa karte, ile kadi ambayo serikali iliwapa wale iliowaona wamestaarabika. Mmoja alikuwa mnene, wengine wembamba. Mmoja alivaa miwani. Viatu vya wawili viling'aa, na miguu ya wengine wawili ilifichwa na majani. Lakini shingoni, wote walikuwa na nepapiyo nyeusi, ile tai fupi yenye mabawa kama kipepeo. Placide akafungua daftari lake, akaandika: "Nepapiyo. Wote wanne."

Karte ilileta mambo mengi. Mwenye karte aliweza kununua divai, na kupita mtaa wa Wazungu baada ya tarumbeta ya jioni. Placide hakunywa divai, na tarumbeta ilimkuta kila siku amekwisha kulala. Alichotaka ni mstari mmoja tu wa ile sheria, ambao aliujua kwa moyo: mwenye karte hapigwi fimbo.

Miaka miwili nyuma alikuwa amepigwa fimbo nane mbele ya biro, kwa sababu barua moja ya siri aliiweka kwenye sanduku la barua za wazi. Polisi aliyempiga alikuwa jirani yake, na kwa kweli hakutia nguvu zake zote. Maumivu yalikwisha ndani ya wiki. Lakini siku ile wazee kutoka Lusangi walikuwa wameketi barazani, wakimngoja awaandikie barua zao. Alipolazwa chini, wazee wote waligeuza nyuso, wakatazama kilima, kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyokataa kumtoka.

Basi aliagiza nepapiyo kwa katalogi, kile kitabu cha bidhaa za posta. Baada ya wiki saba kilikuja kitambaa cheusi kirefu, chembamba katikati, kipana kwenye ncha mbili kama samaki wawili walioshikana mikia. Mke wake Régina alikinyosha mezani.

"Baba, walikukosea," alisema. "Hii ni mukanda wa mutoto."

"Hapana. Inafungwa."

"Inafungwa na nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Katika Kabambare nzima aliyejua kuifunga alikuwa mtu mmoja, Bulaimu, boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, wa Bwana Polepole. Boyi huyo alikuwa na miaka hamsini na tano na wajukuu sita. Watu walimwita Tata Bulaimu, yaani Baba. Kwa Bwana wake aliendelea kuwa boyi. Placide alimfuata alasiri moja nyuma ya jiko la Bwana, akavua kofia.

"Tata Bulaimu, nimekuja kuomba elimu."

"Elimu gani, Karani? Mimi sijue hata kuandika jina langu."

Placide akaitoa nepapiyo mfukoni. Bulaimu akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Hii? Hii iko kazi ya mikono, haiko ya kichwa. Leta shingo."

"Nikileta shingo sitaona kitu, Tata. Ujifunge wewe, mimi niangalie."

"Mimi? Mimi niko mutu wa kanzu. Sijajifunga hii hata siku moja. Nafunga ya Bwana tu. Bwana anasimama pale, mimi hapa, yeye anaangalia juu kama kuku anakunywa maji, basi nafunga."

"Na siku hauko?"

"Siku siko, Bwana anasema joto iko kali, anaacha shingo wazi."

Wakakubaliana hivi: Bulaimu angekuwa Bwana, na Placide angekuwa boyi. Mzee akasimama, akainua kidevu, akatoa amri kwa kinywa kilichotazama mbingu. Placide alifunga, akafungua, akaandika. Hatua zilikuwa kumi na saba. Ya tisa ilisema: "Mkunje samaki wa kushoto, umshike kwa kidole gumba, usimwachie."

Nyumbani alirudia kwenye shingo ya mtungi, kisha kwenye nguzo, kisha kwa Régina, ambaye alisimama wima kila jioni huku akichambua mchele kwenye ungo. Siku ya tisa alimaliza bila kutazama daftari. Kwenye mtungi ilikaa vizuri hasa. Jirani mmoja aliyekuja kuomba moto aliusalimu mtungi kabla ya kumsalimu mwenye nyumba.

Ndipo Placide akaivaa mwenyewe, akasimama mbele ya kioo.

Mikono ilipotea. Yule samaki wa kushoto sasa alikuwa wa kulia, na kidole gumba kilimshika asiyehusika. Placide hakukasirika. Alikaa, akaandika upya hatua zote kumi na saba, kila penye kulia akaweka kushoto. Alipofika kwenye neno "mbele" alisita, hakujua kama nalo ligeuzwe liwe "nyuma". Akaligeuza. Kilichotoka shingoni kilifanana na kitambaa cha kupangusia taa.

Alijaribu siku nne. Siku ya tano Régina aliweka ungo chini.

"Baba, simama vizuri. Angalia juu."

Vidole vyake vilipita mara tatu, nne, vikaacha. Placide akatazama kioo. Mabawa mawili yalikuwa sawasawa, kuliko yale ya picha.

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa nguzo siku tisa. Ulifikiri nguzo inalala?"

Kwa kuwa tume ya Kasongo, iliyowapima waombaji wa karte, ilidai kumwona mke pia, mambo yalionekana kujipanga yenyewe. Walipanda kamioni ya pamba mpaka Kasongo, juu ya magunia, suti ikiwa ndani ya sanduku la bati. Asubuhi ya siku yenyewe Régina alimfunga mumewe kabla ya chai, akamkataza kuinama.

Barazani mwa tume walimkuta Emile, mwalimu wa misioni, aliyeleta faili za shule. Placide alimtambua mara moja: ndiye yule mnene wa kwenye picha. Leo shati lake lilikuwa wazi shingoni.

"Karani wa Kabambare," Emile alisema, akamzunguka. "Unaoa tena na bibi yuko hapa hapa?"

"Nimevaa kama ninyi, mwalimu. Kama kwenye picha."

"Picha gani? Ile?" Emile akaketi ili acheke vizuri. "Ndugu yangu, ile nepapiyo ilikuwa moja. Ya mpiga picha. Iko na lastiki nyuma. Alinivalisha mimi, akapiga. Akanivua, akamvalisha mwingine, akapiga. Halafu akatuunganisha kwenye karatasi moja. Sisi kwa tume tulikwenda na tai ndefu, na mmoja hakuwa na kitu."

Placide alilifikiria hilo. Angeweza kuivua. Lakini kola ya shati lake ilikuwa imesuguliwa na siku za mazoezi, na bila nepapiyo alama zingeonekana. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Tume ilikuwa Wazungu wawili: rais wake, ambaye Kasongo walimwita Bwana Miwani, na Padri mzee. Bwana Miwani naye alivaa nepapiyo, ya buluu, kwa kuwa saa tano alikuwa na karamu ya mgeni mkubwa kutoka makao makuu ya jimbo. Aliuliza maswali kutoka kwenye karatasi.

"Unakula mezani na mke wako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mna uma ngapi?"

"Sita."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili."

"Kwa nini sita?"

"Katalogi inauza sita kwa pamoja, Bwana."

Padri akaandika kitu. Yote yakaenda vizuri, mpaka Bwana Miwani akainua macho na kuitazama shingo ya karani. Aliitazama kwa muda, kisha akagusa ya kwake.

"Hiyo nani aliifunga?"

Placide angeweza kusema "mimi". Neno ni fupi. Lakini alikuwa karani, na mkononi mwa karani neno lisilo la kweli hugeuka karatasi, na karatasi hukaa miaka mingi.

"Mke wangu, Bwana."

"Mtu aliyestaarabika anajivalisha mwenyewe," alisema Bwana Miwani. "Fungua. Funga tena."

Placide akafungua. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya Padri, kwa hiyo aliona jinsi dakika zilivyopita. Zilipita nane. Samaki wa kulia alitoka, akarudi, akatoka tena. Jasho liliingia kwenye kola.

"Bwana," alisema mwisho, "kwa mtu mwingine naweza."

"Hiyo ni kazi ya boyi. Tunakupima ustaarabu, hatukupimi kazi ya boyi." Bwana Miwani hakusema kwa ukali, alisema kama mwalimu aliyechoka. Akasimama. "Tazama. Ni jambo dogo sana."

Akavuta ncha ya nepapiyo yake ya buluu. Ikafunguka mara moja, kama kitu kilichokuwa kikingoja. Akashika ncha mbili, moja kila mkono. Akapitisha moja juu ya nyingine. Na hapo akasimama.

Ilikuwa wazi kwa wote mle chumbani kwamba mikono ile haikuwahi kufika mbele zaidi ya hapo.

Alijaribu tena. Akakisogelea kioo cha kabati la faili, akajaribu mara ya tatu. Padri, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa amevaa kanzu yenye vifungo, aligeuka akatazama dirisha. Placide naye alijikuta ametazama dirisha. Nje kulikuwa na kilima. Alikitazama kwa makini, na kwa mara ya kwanza aliwaelewa wazee wa Lusangi: hawakuwa wamemdharau, hawakujua tu pa kuweka macho.

Honi ya gari ikalia uani. Saa tano kasoro dakika kumi.

Placide alipima. Akijitolea kumfunga, ataandikwa boyi, na boyi hapewi karte. Akinyamaza, Bwana Miwani ataingia karamuni na kamba mbili zikining'inia, na hatawasamehe watu waliokuwapo. Alipima upande huu, akapima upande ule, kama kawaida yake, na bado alikuwa akipima kiti kilipolia nyuma yake.

Régina alikuwa amesimama. Akavuka chumba, akazunguka meza, akafika mbele ya rais wa tume.

"Bwana, angalia juu."

Bwana Miwani akaangalia juu. Vidole vya Régina vilipita mara tatu, nne. Akanyosha mabawa, akapuliza uzi uliokuwa begani, akarudi kuketi.

Bwana Miwani alijitazama kwenye kioo cha kabati, kushoto, kulia. Kisha akarudi kwenye meza na kulifungua faili la Placide kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa mhuri.

"Mambo ya chumba hiki ni siri ya tume," alisema bila kuinua kichwa.

"Siri, Bwana," alisema Placide, ambaye alikuwa amejifunza tofauti ya masanduku mawili kwa gharama kubwa.

"Na mke wako?"

"Mimi sikuona kitu," Régina alisema. "Nilikuwa naangalia uma ngapi ziko kwenye karatasi."

Mhuri ukapigwa. Padri aliyetazama dirisha alikuwa akikohoa, au kitu kinachofanana na kukohoa.

Waliingia sokoni, na kwa wauza samaki Placide akamgeukia mkewe.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Ungesema nini?"

Akafikiri mpaka kwa wauza chumvi. "Ningesema, ngoja kidogo."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Karte ilifika Kabambare mwezi uliofuata. Wiki tano baadaye Placide alifanya kosa tena, kwa kuwa hata makarani waangalifu hukosa: katika hesabu ya watu wa teritori aliandika wanaume kwenye safu ya wanawake, na vijiji kumi na vinne vikabaki bila mwanamume hata mmoja. Kasongo waliandika kuuliza kulikoni. Bwana Polepole alitoka mbio, akaita polisi, na polisi akaja na fimbo. Placide akaweka karte mezani, wima, akiiegemeza kwenye kidau cha wino.

Bwana Polepole aliisoma mbele, akaisoma nyuma. Akamwambia polisi arudi. Kisha akakaa, na alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kijiko katikati ya chakula.

"Basi utapewa barua ya lawama," alisema. "Andika."

Mashini ya kuandika Kabambare ilikuwa moja, na aliyejua kuitumia alikuwa mmoja. Placide akaweka karatasi nne na kaboni tatu, akaandika kwa juu jina lake mwenyewe na cheo chake. Bwana Polepole alitembea huku na huku akisema maneno, na maneno hayakumjia haraka. Alikuwa amezoea njia nyingine.

"Nimesikitishwa na kosa lako," alisema, akafika ukutani, akageuka. "Nimesikitishwa."

"Bwana aseme 'uzembe'?" Placide aliuliza kwa upole. "Kosa ni neno dogo. Vijiji viko kumi na vinne."

"Andika uzembe."

"Uzembe mkubwa?"

"Mkubwa."

Akaandika. Alipendekeza pia "usio na udhuru", na Bwana akakubali kwa kichwa, akaonekana kupata nafuu. Nakala ya kwanza ilikwenda Kasongo, ya pili kwenye faili, ya tatu kwa Bwana. Ya nne Placide aliikunja mara nne, akaipeleka nyumbani.

Régina hakujua kusoma, kwa hiyo alimsomea. Alisoma kwa sauti ya Bwana Polepole, akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi na kurudi, na Régina alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya unga.

"Rudia pale pa uzembe," alisema.

Akarudia.