Moyo Uliopumzishwa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Juni 1977, mapigo ya moyo ya Nyanda yalikuwa mia moja na nne kwa dakika. Ukungu wa Iringa ulikuwa umeimeza mikaratusi yote nje ya chumba cha upasuaji.

Nyanda, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Shinyanga, alichomwa paja na pembe ya fahali, na jeraha lilikuwa limeanza kuoza. Bila kisu angekufa. Lakini ndugu yake Seni alimnong'oneza Verediana, muuguzi wa dawa za usingizi, jambo ambalo mgonjwa alilificha: akifuata mifugo kwa haraka, kifua kinamkaba mpaka akae chini. Verediana alijua maana yake. Moyo ule haukuwa ukipata damu ya kutosha.

"Mzee Nyanda, hesabu ng'ombe wako polepole mpaka usingizi uje," alisema, akidhani anamtuliza.

Macho yakamtoka mgonjwa. "Niwahesabu? Kwetu ng'ombe wakihesabiwa hufa. Unataka wafe, mama? Ninyi Wahehe mnajua pombe yenu ya ulanzi, ng'ombe mtawajulia wapi!"

Jasho likamtoka. Akashika kifua. Mapigo: mia moja thelathini na mbili.

"Mpe usingizi wa etha," alisema Daktari Kasian, mpasuaji, mikono juu, glavu zikiwa tayari. "Hiyo halotheni uliyoandaa inashusha presha. Utaniulia mtu."

"Etha itauchochea moyo, daktari. Ukienda mbio utadai damu ambayo haipo. Halotheni itaupunguzia kazi."

"Nani kasema?"

"Jarida la udaktari la mwezi uliopita. Wamejaribu kwa mbwa."

"Mbwa!"

"Mbwa naye ana moyo. Presha ikishuka chini ya tisini, nabadilisha."

Kasian aliisogelea meza ya upasuaji kusubiri. Verediana akaweka barakoa ya halotheni usoni pa mgonjwa, akainama karibu na sikio lake. "Nisamehe, baba. Usiwahesabu. Waite tu."

Nyanda akaanza kuwaita. Mwekundu wa pembe iliyopinda. Mweusi mwenye nyota. Wa kijivu, mama yake ndama wa masika. Walikuja mmoja mmoja kutoka ndani ya weupe, bila vumbi, bila kishindo cha kwato, na kila aliyepita aliichukua sehemu ya sauti yake. Wa mwisho hakutajwa. Midomo ilitikisika tu.

Mapigo yalishuka: mia na kumi, tisini, sabini na nane. Presha ikashuka nayo. Ilipofika tisini na mbili, Kasian aliinua macho. Verediana alipunguza dawa kidogo, kidole chake kikiwa juu ya mshipa wa shingo. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na sita.

"Endelea, daktari," alisema.

Nyama iliyooza ilitolewa yote. Saa tano na dakika ishirini Nyanda alifumbua macho.

"Kifua kinauma, baba?"

Alikipapasa kifua chake. "Paja," alijibu. "Kifua, hapana."

Verediana aliandika: fahamu zimerudi, hakuna maumivu ya kifua, mapigo sabini na sita.