Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Watu hudhani kazi ya maji ni kazi safi. Wanaona mfereji unang'aa, maji yanatiririka, basi wanafikiri fundi naye hurudi kwake akinukia sabuni. Waje waniulize mimi, Omosa, niliyefungua tangi la presha kwa Mzee Lazarus karibu na Kapkatet, mwezi wa nane mwaka wa 1996. Jioni ile mke wangu Esnah aliniwekea ugali na maziwa, nikatoka nje kutapika kabla sijanawa mikono.

Mzee Lazarus alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai hadi alipostaafu. Yeye ndiye wa kwanza kwenye mteremko ule kuwa na kisima chenye pampu ya umeme, na mimi ndiye niliyemfungia, mwaka uliotangulia. Pampu huvuta maji kisimani na kuyasukuma ndani ya tangi la chuma. Ndani ya tangi kuna mpira mkubwa, kama tumbo la ng'ombe. Maji hukaa ndani ya mpira, hewa hukaa nje yake, kati ya mpira na chuma. Hewa hiyo ndiyo husukuma maji hadi jikoni bila pampu kuwaka kila mtu anapojaza kikombe.

Kulitunza si kazi kubwa. Kila baada ya miezi michache unazima umeme, unatoa maji yote, unapima hewa kwenye valvu, ile ile kama ya gurudumu la gari, na ikiwa imepungua unaongeza. Ukibonyeza valvu yakatoka maji badala ya hewa, mpira umetoboka, na huna budi kufungua tangi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokataa kufanya.

Mwezi wa tano Kipsang alikuja dukani kwangu. Huyu ni mwana wa Lazarus, dereva wa lori la majani chai, na alikuwa ameoa Desemba. Mke wake, Chelimo, alitoka Chebunyo, kule ambako watu wanawajua ng'ombe kuliko wanavyowajua majirani. Alikuja na vibuyu vyake vinne na sifa ya kutengeneza mursik, yale maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet. Kwa Wakipsigis, mwanamke hupimwa kwa kibuyu chake. Lakini tangu Chelimo aingie boma lile, kila kibuyu alichofungua kilikuwa kimeharibika. Si ule uchachu mtamu unaotakiwa. Kilikuwa kimeoza. Mama mkwe wake, Rebeccah, alikuwa amesema mbele ya wamama wa kanisa kwamba msichana ana mikono michafu.

"Bibi yangu anasema ni maji," Kipsang aliniambia njiani. "Anasema ile maji ya kwanza ya asubuhi inanuka, na ndiyo anatumia kusuuza vibuyu. Mimi namwamini. Wewe kuja uangalie."

Nilifika saa tano, wakati mifereji ilikuwa imefunguliwa tangu alfajiri na maji mapya yamepita. Pampu ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kama mtu mwenye kwikwi. Hata mwanafunzi wa wiki moja angejua kuna shida. Mimi niligonga tangi kwa kidole, nikaongeza hewa kwa pampu ya mguu, nikabonyeza valvu. Maji yalinirukia kidoleni. Yalikuwa meusi kidogo. Nikajipangusa kwenye suruali.

Chapati zilikuwa zimeshaandaliwa. Nilichota glasi kwenye mfereji, nikanywa mbele yao wote na kulamba midomo. "Hii maji haina shida," nikasema.

Chelimo alinitazama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake, nakumbuka vizuri kwa sababu niliitazama, ilikuwa safi hadi kwenye kucha. "Fundi, kuja asubuhi kabla mtu hajafungua mfereji," akasema. "Tafadhali."

"Umesikia fundi," Rebeccah akamkata. "Sasa imebaki mikono tu."

Kipsang aliinamisha macho. Nami nikachukua chapati ya pili.

Nina kisingizio, na nitakitoa ili mkione kilivyo kidogo. Mimi ni Mkisii, nimeishi kati ya Wakipsigis miaka kumi na minne, na tangu fujo za kikabila za mwaka wa 1992 nimejifunza kutotoa ushahidi kwenye boma la mwenyewe. Hayo ni kweli. Lakini ukweli zaidi ni kwamba kufungua tangi lile kungenila nusu siku, na nilitaka kurudi dukani.

Mwezi wa nane pampu iliungua. Niliitwa tena, nikafika saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani chai. Mlangoni palikuwa na mfuko uliofungwa kwa kamba. Ndani, kwenye kiti cha mgeni, alikaa mzee mwenye rungu magotini: Kipkurui, mjomba wake Chelimo, aliyefika kutoka Chebunyo jana yake. Hakuwa amegusa chai.

"Ni mambo ya nyumba, fundi," Lazarus akaniambia nje. "Huyu msichana anarudi kwao. Kipsang alitema mursik yake mbele ya wageni mwezi jana. Tumevumilia. Wewe tengeneza pampu."

Kipsang alikuwa ameegemea lori lake, mgongo kwetu.

Nikaenda kwenye kibanda cha tangi. Safari hii sikuwa na ujanja, kwa sababu pampu huungua ikiwaka mara mia kwa siku, na huwaka hivyo tangi likikosa hewa. Nilifungua valvu. Hewa haikutoka hata kidogo. Yalitoka maji, mazito, ya rangi ya kahawa. Nikatoa bolti sita, nikavuta kifuniko.

Harufu ilinisukuma nikakalia ndoo. Nimezibua vyoo vya soko. Nimetoa panya aliyekufa wiki mbili kwenye bomba la kanisa. Hayo yote ni maua. Nilivuta mpira ukaja polepole, unateleza, umelainika kama utumbo, na una mpasuko wa urefu wa kiganja. Mikunjo yake ilijaa utelezi wa kijivu na mabonge ya manjano yenye mafuta. Nyuma ya mpira, mahali ambapo ni pa hewa tu, palikuwa na maji yaliyolala miezi mingi na kuota ngozi juu. Kila usiku, mifereji ikifungwa, uchafu ule ulikuwa ukipenya kwenye mpasuko na kungoja kwenye bomba. Asubuhi mtu wa kwanza kufungua mfereji aliupokea wote, na mtu wa kwanza kuamka katika boma ni mke wa mwana.

Nilibonyeza bonge moja kwa spana. Ndani yake mlikuwa na chembe nyeusi. Makaa.

"Funika hiyo," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa Rebeccah, amejiziba pua kwa leso.

"Mama, kuna nini humu?"

 Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia mapishi. Mwaka uliopita nilipoleta tangi, nililiacha stoo wiki mbili tukingoja umeme. Lilikuwa linanuka mpira. Sasa kibuyu kipya kikinuka, mtu hufanyaje? Hukitia maziwa na makaa, akakiacha siku nane kitoke uchungu. Basi alilitia tangi lita tano za maziwa na makaa ya senetwet, akaziba mdomo wa tangi kwa gunzi. Siku ya nane akayamwaga. Aliyoweza kumwaga.

Nikakumbuka kwamba siku nilipokuja kulifunga tangi nilisikia harufu ya maziwa, nikadhani ni madebe ya stoo. Mafuta ya maziwa huula mpira kama mchwa anavyokula mlango.

"Ulifanya vile unajua," nikamwambia, kwa sababu kwa kweli hadi hapo nilimhurumia. "Hukujua itaharibika."

"Mwanzo sikujua."

"Mwanzo? Ulijua lini?"

Alitazama majani chai. "Yangu mimi huchota saa nne," akasema.

Wallahi nilitaka kumtemea mate. Mama mzima, mwenye kitabu cha nyimbo na kiti chake mbele kanisani, alikuwa akingoja hadi saa nne maji yatakate, huku akimwacha mtoto wa watu asuuze vibuyu kwa uozo wake, kisha anakwenda kutangaza mikono michafu.

"Wewe sema ni kutu," akaniambia. "Kutu ni kitu ya chuma, haina mwenyewe." Akasogea karibu. "Hata wewe ulikunywa, Omosa. Ulisema haina shida. Wataniuliza mimi, halafu watakuuliza wewe."

Hapo alinipata. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na maradhi haya tulikuwa tumeyaficha wawili. Chukizo nililokuwa nalo kwake likageuka na kunirudia lote. Niliokota ule mpira kwa mikono miwili, ukanichuruzikia tumboni, nikaupeleka hadi sebuleni kwenye vitambaa vyao vyeupe vya kufumwa. Nikauweka sakafuni mbele ya mjomba.

"Mikono michafu ndiyo hii," nikasema. "Na yangu. Mwezi wa tano maji ilinirukia kwa kidole, nikajua imepasuka, nikanyamaza."

Lazarus alifunika pua. Kipsang alikuja akasimama mlangoni. Chelimo alitoka jikoni, akapiga magoti, akainama juu ya uchafu ule bila kukunja uso. Alichukua bonge, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

"Haya ni maziwa," akasema. "Na haya ni makaa ya kibuyu."

Katika boma lile wanawake wenye makaa ya kibuyu walikuwa wawili, na wakati tangi linafungwa mmoja wao alikuwa bado kwao Chebunyo.  Lazarus alimuuliza mkewe kitu kifupi kwa Kikipsigis. Alimjibu kwa kifupi zaidi, macho chini.

Mzee alikohoa. "Basi," akasema, "imejulikana. Tutanunua tangi ingine. Chelimo, rudisha mfuko ndani, utupikie chai."

Basi! Hakuna pole, hakuna samahani. Chai!

Chelimo aliingia jikoni. Alirudi na kibuyu kimoja na vikombe viwili. "Hii nilisuuza na maji ya chemchemi huko chini," akasema. "Iko na siku nane." Akamimina kikombe, mursik ikatoka ya kijivujivu, nzito, laini, akampa Rebeccah kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mama alikunywa, maana hakuwa na pa kukimbilia.

"Iko aje, mama?"

"Ni tamu."

"Ile ingine ulisema mbele ya wamama wa kanisa. Sema mbele ya mjomba asikie."

"Ni tamu," Rebeccah akasema kwa nguvu.

Kikombe cha pili alimpa Kipsang. Alikunywa chote, akatingisha kichwa, machozi yanamtoka. Chelimo alipokea kikombe, akakiweka mezani. Kisha akafunika kibuyu na kukifunga ndani ya mfuko.

"Tuende, mjomba."

Mzee Kipkurui alisimama. Kipsang alitaja jina la mkewe mara mbili, lakini hakuondoka pale mlangoni hadi ikabidi wampite kwa ubavu. Nilitoka uani kuwapisha, na Chelimo alipofika kwangu akasimama. Nilitarajia kongoi, asante ya kwao. Najua ni aibu, lakini nilitarajia.

"Ungefungua mwezi wa tano, fundi," akasema, "Kipsang alikuwa bado ananiamini. Ningekaa."

Wakashuka katikati ya majani chai kuelekea barabarani. Nilisimama pale na mikono yangu mbele, siwezi kuipangusa popote, na ndani nikamsikia Rebeccah akiuliza nani atatoa ule uchafu kwenye sakafu yake.