Mke Hayumo Kwenye Orodha

Orest Maksymchuk alikuwa na orodha. Si orodha ya mtu anayekwenda dukani, hapana. Ilikuwa orodha ya mambo thelathini na manane ya kukagua kabla gari-nyumba halijatikisa gurudumu, imechapwa kwa herufi kubwa na kufunikwa plastiki isilowe mvua. Aliitunga mwenyewe, akamgawia kila mwanachama wa Klabu ya Magari-Nyumba ya Nyika ya Kusini, atake asitake. Ngazi imekunjwa? Antena imeshushwa? Bomba la maji machafu limechomolewa? Hilo la bomba alilipigia mistari miwili, kwa sababu mwaka juzi kuna bwana mmoja, jina tumwachie mwenyewe, aliyelikokota lake mita mia nne mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai.

Zenia, mkewe, aliijua orodha ile kwa ghibu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameisikia ikisomwa kwa sauti kila asubuhi ya safari. Yeye alikuwa na kazi mbili. Barabarani alimwonyesha Orest njia. Wakifika kambini alishuka, akasimama nyuma ya gari, akampungia mikono arudi nyuma, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka gari likae sawasawa kwenye nafasi yake. Na hapo ndipo Orest alipopatia sifa zake zote.

Maana katika klabu ile gari likiingia kambini watu huacha walichoshika, hubeba viti vyao vya kukunja na kupanga safu, watazame mwenzao anavyopiga rivasi. Hapo hakuna huruma. Anayepinda, anayekwenda mbele na nyuma mara tano, anayegombana na mkewe mbele ya kadamnasi, wote husimuliwa msimu mzima. Orest alikuwa ameingia kwa mkupuo mmoja miaka saba mfululizo, akapewa tuzo ya kibao cha shaba mara saba, na watu wakamwita Mkupuo. Zenia hakuitwa kitu.

Asubuhi ile ya Julai, wakijiandaa kwenda kwenye mkutano wa mwaka kando ya Ziwa la Korongo, Zenia alimwomba mumewe jambo moja.

"Orest, leo niachie usukani."

"Usukani upi?"

"Kwani tunazo sukani ngapi?"

"Mama, dude hili lina mita kumi na moja. Si baiskeli."

"Urefu wake naujua. Mimi ndiye ninayesimama nyuma yake."

"Si umeona! Kila mtu na kituo chake. Mimi mbele, wewe nyuma. Mbona tumekwenda vizuri miaka yote?"

"Nina miaka sitini na tisa," Zenia akasema. "Usiponipa mwaka huu, mwakani utasafiri na orodha yako. Mimi nabaki nyumbani na nyanya zangu."

Orest akacheka, akamgonga bega kirafiki. Lakini Zenia hakuwa akitania, na hilo ndilo lililomchoma: kuolewa miaka arobaini na minne na mtu asiyejua ni wakati gani mkewe anatania na wakati gani hatanii. Akaenda zake nyuma, akajitupa kitandani, akavuta pazia.

Msafara ulikuwa wa magari tisa. Orest, akiwa kiongozi, alitangulia. Mkia ulishikwa na mwenyekiti wa klabu, Thora Bjarnason, mjane wa miaka sabini na minne aliyeendesha gari lake mwenyewe na kupita kila sheli kuhakikisha hakuna mwanachama aliyeharibikiwa na kubaki nyuma.

Baada ya saa moja Orest aliingia sheli kujaza mafuta. Zenia alijiinua kitandani, akatoka kwa mlango wa pembeni akiwa na malapa miguuni na kifuko cha mbegu za alizeti mkononi, akaenda msalani. Simu aliiacha juu ya mto. Alipotoka akijipangusa mikono, alisikia sauti ya mumewe ikitoka kwenye dirisha la dereva.

"Thelathini na sita, kifuniko cha tangi, kimefungwa! Thelathini na saba, mlango wa pembeni, umefungwa! Thelathini na nane, vioo, safi!"

Injini ikanguruma. Gari likaondoka.

Zenia alipiga kelele, akatimua mbio. Malapa si viatu vya kukimbizia gari. Alifika ukingoni mwa barabara na lapa moja tu, akaliona jumba lake la mita kumi na moja likiwasha taa ya pembeni kwa adabu zote, likiingia barabara kuu na kuyoyoma kwenye mashamba ya haradali ya njano. Mwanamke wa sheli alichungulia mlangoni.

"Bibi, umeachwa?"

"Nimepumzishwa," Zenia akajibu, akarudi kuokota lapa lake.

Thora hakuchelewa. Alisimamisha gari, akashusha kioo, akamtazama mwenzake aliyeketi benchini akipasua mbegu na kutema maganda.

"Zenia! Unafanya nini hapa? Orest yuko wapi?"

"Anafuata orodha."

"Orodha gani?"

"Ile yenye vitu thelathini na vinane. Vyote vimekaguliwa, Thora. Kifuniko cha tangi kimo. Mke hayumo."

Thora alicheka mpaka akazima injini. Halafu akamfungulia mlango, akampa kikombe cha kahawa, wakashika njia. Walikuwa hawajafika mbali redio ya msafara ilipokoroma, maana kwenye nyika ile tambarare sauti husafiri itakavyo.

"Mkupuo hapa, Mkupuo hapa. Barabara shwari. Mama kalala fofofo huko nyuma. Tangu sheli sijasahihishwa njia hata mara moja. Jamani, hii ndiyo safari!"

"Mwache apumzike, kaka," sauti nyingine ikajibu. "Na wewe pumzika."

Thora aliruka kushika kipaza sauti. "Ngoja nimpashe huyu mpumbavu."

Zenia akamdaka mkono. "Usimwambie. Nataka kujua ni kilomita ngapi."

"Kilomita ngapi za nini?"

"Mpaka anikumbuke."

Basi wakawa wanahesabu. Kilomita thelathini walicheka. Orest alitoa hotuba redioni kuhusu upepo wa matairi. Kilomita sitini walicheka kidogo. Orest aliwaimbia wenzake beti mbili za wimbo wa arusi, sauti ikimpasuka. Ilipofika kilomita ya tisini Zenia aliacha kucheka. Aliumia, na hakuona haya kusema.

"Huwa anasimama saa hii tunywe chai, Thora. Chai naipika mimi. Leo hata chai hajaikumbuka."

"Wanaume wakishika usukani hawasikii njaa."

"Mimi nimeshika usukani kabla yake. Nikiwa na miaka kumi na minne nilikuwa narudisha lori la ngano la baba yangu kinyumenyume mpaka mdomoni mwa ghala, huku na huku pamebaki kiganja kimoja. Orest alikuwa karani wa ghala. Alikuwa anasimama pale na kalamu yake sikioni, ananishangaa."

"Sasa ilikuwaje mpaka ukaishia nyuma?"

Zenia alifikiri. "Sijui. Mara ya kwanza alisema tu, shuka uniangalizie. Nikashuka."

Mbele yao kulitokea njia panda yenye kanisa la kuba la buluu. Zenia akajiweka sawa kitini. Kila mwaka, mahali pale pale, Orest alitaka kukata kushoto na yeye akamwambia kulia. Kila mwaka Orest alisema, "Nilikuwa najua."

"Sasa sikiliza," Zenia akamwambia Thora.

Wakasikiliza. Redio ilinyamaza dakika kumi, ishirini, nusu saa. Hotuba zikaisha, nyimbo zikaisha. Kisha sauti ikaja ndogo, yenye mikwaruzo.

"Mkupuo hapa. Ee... kuna yeyote aliyeliona ziwa?"

Thora alilazimika kusimama kando ya barabara afute machozi.

Kambini walifika kabla ya Orest. Pirohi, vile viandazi vilivyojazwa viazi, zilikuwa zimeanza kukaangwa na vitunguu, na watu walipomwona Zenia akishuka kwenye gari la Thora na malapa yake, habari ilienea kabla hajafika kwenye sufuria. Walimpa kiti safu ya mbele, wakampa sahani ya pirohi zenye krimu, wakampa na vibao vya namba, moja hadi kumi, vya kutolea alama. Kila gari la klabu lililoingia baadaye kutoka pande nyingine liliwekewa alama. Bwana wa bomba la maji machafu alipata nne, na zote nne zilikuwa za huruma.

Saa moja na nusu baadaye Orest akaingia, gari limejaa vumbi la njia zisizo na lami. Alisimama mbele ya nafasi yake, akapunga mkono kwa watu bila kutazama nani ni nani, akageuza kichwa ndani.

"Haya, mama! Amka, tumefika! Kazini!"

Akaita tena. Kisha wote wakamwona kupitia madirishani akielekea nyuma. Pazia likavutwa. Mlango wa choo ukafunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Kabati la nguo likafunguliwa.

"Anaangalia na kwenye jokofu!" mtu akapiga kelele, na safu nzima ya viti ikaangua kicheko.

Orest alipojitokeza mlangoni, kicheko kilikatika. Alikuwa mweupe kama unga. Mkononi alikuwa na simu ya mkewe.

"Zenia hayumo," akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. "Nimemwacha mahali, na sijui ni wapi. Jamani, sijui hata ni wapi."

Akageuka apande tena, arudi alikotoka, na mguu ukakosa ngazi, akashika mlango asianguke. Zenia alimwonea huruma. Hasira nayo haikuondoka. Vyote viwili vilikaa pamoja, na alisimama navyo hivyo hivyo.

"Nipo, mzee."

Orest aliachia mlango. Kisha alikuja mbio, akamkumbatia na sahani yake ya pirohi, krimu ikampaka shati lote, akalia waziwazi mbele ya klabu nzima.

"Ulikuwa wapi?"

"Sheli."

"Sheli ipi?"

"Tuliyosimama. Kwani tulisimama ngapi?"

"Lakini hiyo ni..."

"Kilomita mia na themanini. Za huko ulikopotelea utazihesabu mwenyewe."

"Nilidhani umelala."

"Nilisikia. Wote tulisikia. Na wimbo tulisikia."

Orest akapangusa uso kwa mkono wa shati, na uso ukabaki na krimu. Akaitazama nafasi yake kati ya miti miwili ya msonobari, akaitazama safu ya viti, na mazoea ya miaka kumi na tisa yakamshika palepale.

"Haya basi, mama. Kaa nyuma, tuingie."

"Huyu mtu!" Thora akasema kwa sauti, na wanawake wote wa safu ya mbele wakaguna.

Zenia hakuguna. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo."

"Zenia, si leo. Watu wote hawa. Watatucheka."

"Wamekwisha kutucheka, Orest. Kibaya kimepita. Lete ufunguo, au nirudi na Thora nikaangalie nyanya zangu, na mwakani usiniulize."

Orest alimtazama usoni, na safari hii alimtazama kweli, kama anayesoma. Akauweka ufunguo kiganjani.

Zenia alipanda, akakivuta kiti mbele mpaka malapa yakafikia breki. Akavirekebisha vioo. Miaka yote alikuwa yeye kwenye vioo vile, akipunga huku na huku. Sasa aliyeonekana pale alikuwa mwanamume mwenye kofia na krimu kifuani, anatupa mikono kama anayefukuza nyuki. Hakujua kutoa ishara hata moja. Hakuwa amewahi kusimama upande ule.

Zenia aliweka rivasi, akaanza kurudi polepole. Mikono ilikumbuka lori la ngano. Nyuma ya gari iliingia katikati ya misonobari miwili, imenyooka, na kwenye viti minong'ono ilianza, mtu akainua namba tisa kabla ya wakati. Gari likaingia nusu, likapita nusu. Hapo Orest alinogewa, akazunguka kwenda kukagua nguzo ya umeme, akatoka kwenye kioo.

Zenia akakanyaga breki.

"Aa! Sasa ni mikupuo miwili!" sauti ikatoka kwenye viti. Namba tisa ikashushwa.

"Mbona umesimama?" Orest alipiga kelele kutoka nyuma. "Ulikuwa unaingia vizuri! Mkupuo mmoja, mama! Njoo, pana nafasi tele!"

"Sikuoni!"

"Nipo hapa hapa!"

"Sikuoni kwenye kioo, Orest," Zenia akasema kupitia dirishani, bila kupaza sauti sana. "Nisipokuona, mimi sisogei."

Aliyekuwa akigeuza pirohi aliacha kugeuza. Orest hakujitokeza, na Zenia akaanza kufikiri amemuumiza, na akaona kwamba hata kama amemuumiza hatalirudisha neno lile.

Kisha Orest akatokea. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akasogea mpaka akaenea mzima kwenye kioo, kuanzia viatu hadi kichwani. Kofia alikuwa ameivua. Hakupunga mkono, hakuelekeza chochote. Alisimama tu pale anapoonekana.

Zenia akaachia breki.