Minazi Kumi na Miwili ya Chula

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi watausema wengine, na wataongeza chumvi. Mimi Safiyya binti Fumo, muuza mahamri wa Majengo, Mombasa, ninayeweza kugombana na muuza unga asubuhi nzima kwa sababu ya robo kilo, nilitia sahihi karatasi nisiyoweza kuisoma.

Karatasi ilikuwa ya Kisomali. Kisomali changu ni cha mtaani: nasalimu, napatana bei, natukana vizuri sana. Kusoma sijui. Lakini muuzaji, Abdulkadiri, ni Mbajuni mwenzangu anayekaa Kismayo, na kwenye simu alikuwa akiniita dada. Alinitumia video ya mahali penyewe, kisiwani Chula, kusini mwa Somalia: mchanga mweupe, kisima, na minazi kumi na miwili imesimama wima.

"Minazi hii yote yangu, dada," sauti yake ilisema. "Baba aliipanda kwa mkono wake. Hapana wa kukusumbua."

Nilimwonyesha mama. Mama yangu anaitwa Mwanahija, ana miaka sabini na tatu. Mwaka 1991, vita vilipozuka, alitutoa Chula mimi nikiwa na miaka saba. Tukapita kambini, tukaja Mombasa, tukapata vitambulisho vya Kenya, na tangu hapo tumehama vyumba vya kupanga mpaka sikumbuki vingapi. Alishika simu kwa mikono miwili, akaitazama video mara tatu.

"Nitafutie pa kulala pale, Safiyya," akasema. "Sitaki kufia kwenye chumba cha mtu."

Basi hapo ningefanyaje? Niliuza friji, nikauza dhahabu zangu za arusi, nikalipa pesa zote.

Mwezi uliofuata nikafunga safari. Kutoka Kiunga nilipanda boti ya nahodha mmoja anayeitwa Walidi. Ras Kamboni, mpakani upande wa Somalia, askari alikitazama kitambulisho changu akaandika daftarini: mgeni, Mkenya.

"Mgeni nani? Nimezaliwa Chula mimi!"

Akanijibu kwa upole kwamba daftari halina mahali pa kuandika hilo. Nilijiambia, subiri tu, nikishajenga wataniandika wanavyotaka.

Chula nilipokwenda kuiona mali yangu, nilimkuta mama mmoja mtu mzima, mwembamba, amejifunga leso kiunoni, anafagia chini ya minazi kwa fagio la chelewa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Ni mchu wa nani weye?" Yaani, mtu wa nani.

Hapo ndipo domo langu liliponiponza. Badala ya kujibu nilichoulizwa, nikasema, "Mimi ndiye mwenye mahali hapa. Nimepanunua kwa Abdulkadiri. Karatasi ninayo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Abdulkadiri ana minazi tu. Babake alimwomba baba yangu ruhusa ya kupanda, akaruhusiwa. Minazi yao, ardhi yetu. Sasa umeinunua wewe. Karibu uangue madafu, bibie."

Nikakimbia na karatasi yangu mpaka kwa Sheikhan, imamu wa msikiti, ambaye Kisomali anakisoma. Akavaa miwani, akasoma polepole. Minazi kumi na miwili, matunda yake, na njia ya kuiendea. Basi. Ardhi haikutajwa hata mara moja.

Nilikaa palepale barazani nikalia, wala sioni haya kusema. Kilichoniuma zaidi si kudanganywa. Ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nalijua! Bibi yangu mzaa baba alikuwa na minazi miwili kwenye ardhi ya watu, nami nikitumwa kuokota nazi pale. Kwetu ardhi ni ya huyu na mti ni wa yule, na mti ukifa haki ya mwenye mti nayo imekwisha. Mtoto mdogo wa Chula analijua hilo. Ila Mombasa mtu akikuonyesha miti iliyozungukwa na ua, wewe unaona kiwanja, na mimi nimekuwa wa Mombasa bila kujua.

Nikampigia Abdulkadiri.

"Dada, nimekudanganya wapi?" akasema. "Nilikwambia minazi yangu. Ni yangu, nimekuuzia."

"Ulijua nataka kumjengea mama!"

"Hukuniuliza habari ya ardhi."

Nilimpa maneno ambayo Sheikhan aliyasikia akaondoka barazani akishika tasbihi. Abdulkadiri akakata simu. Baadaye imamu aliniambia ukweli: nikimshitaki Kismayo, nikiwa na kitambulisho cha nchi nyingine na sahihi yangu mwenyewe chini ya karatasi ile, nitazeeka kwenye mabenchi.

Asubuhi yake Walidi alikuwa anarudi Kiunga. "Panda, dada," akaniambia. "Yaliyopita yamepita."

"Ng'o!" nikamwambia. "Siondoki hapa mpaka mama yangu apate pa kulala."

Yule mama wa fagio anaitwa Mwanabibi. Ardhi yote ile ni yake, na nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kisimani. Siku ya kwanza nilimwendea nikamwomba aniuzie kipande. "Siuzi." Siku ya pili nikamwomba anikodishe. "Sikodishi." Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka, lakini nilijikaza. Siku ya tatu niliamka mapema, nikapika mahamri kwa mke wa imamu, nikampelekea yakiwa ya moto. Kisha nikachukua fagio jingine nikaanza kufagia upande wa pili. Tulifagia sote bila kusemezana mpaka tukakutana katikati.

"Mama Mwanabibi," nikasema, "ardhi sikuombi tena. Naomba ruhusa ya kupanda na kuezeka kibanda cha makuti, kama alivyoomba babake Abdulkadiri."

Akaweka fagio chini. "Enhe. Hilo ndilo huombwa. Lakini anayeruhusiwa sharti ajulikane. Nimekuuliza tangu ulipofika, umenijibu kwa karatasi. Ni mchu wa nani?"

"Wa Mwanahija na Fumo, yule fundi wa mashua."

Uso wake ulibadilika hata mimi nikaogopa. Akakaa kwenye ukingo wa kisima.

"Mwanahija," akasema. "Miaka kumi na miwili tumeteka maji hapa, mimi naye. Alijifungua mikononi mwangu. Labda ni wewe huyo. Ile asubuhi naamka, mlango wake wazi, jiko lina moto bado, watu hakuna. Hakuniaga! Mimi nikabaki na watoto watatu. Wawili niliwazika mwaka uleule."

Nililaza fagio langu chini, kando ya lake.

"Wewe sikupi ruhusa," akamaliza. "Aje mwenyewe."

Nilikwenda ufukweni kutafuta mtandao, nikampigia mama. Kwanza akauliza kama nyumba imeshaanza. Nikamwambia hakuna nyumba, hakuna kiwanja, kuna minazi kumi na miwili, na ardhi ni ya Mwanabibi.

Kisha sauti ndogo: "Mwanabibi yu hai?"

"Yu hai. Anasema uje umwombe mwenyewe."

"Siwezi."

"Mama!"

"Siwezi, mwanangu. Ningemuaga angeniomba nafasi ya watoto wake, na boti ilikuwa imejaa. Nilipita mlangoni pake nimeshika viatu mkononi, asinisikie."

Nilimkasirikia mama yangu, kisha nikamhurumia, kisha nikamkasirikia tena, yote hayo kabla hajamaliza kulia. Miaka yote hii anatuambia habari za Chula, kisima, minazi, uji wa asubuhi, na jina la Mwanabibi sijawahi kulisikia.

"Sikiliza, mama," nikasema. "Mimi nimeuza dhahabu zangu kwa ajili ya safari hii. Wewe lete miguu yako tu. Njoo umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Nilidhani hatakuja. Wakati nikingoja, nilimwandikisha Sheikhan karatasi nyingine, safari hii ya Kiswahili: ruhusa ya kupanda na kukaa, mipaka, majina ya mashahidi watatu. Nikamtaka anisomee kwa sauti, tena na tena, mpaka akaniuliza kama naihifadhi kama Kurani. Nikamwambia ndiyo, naihifadhi.

Siku ya tisa boti ya Walidi ikarudi. Kaka yangu Tahir alishuka kwanza, akambeba mama mgongoni mpaka mchanga mkavu. Mama amepakata mche wa mnazi alioununua Kiunga, umefungwa kwa gunia lenye maji. Hakunisalimu. Hakuuliza njia. Alishika kichochoro kana kwamba alikuwa ametoka jana, nami nyuma yake na karatasi yangu na wino wa dole gumba.

Mwanabibi alikuwa amesimama mlangoni pake. Mama alifika mbele yake, akauweka mche chini, akainama kwa shida akavua viatu, akavishika mkononi.

"Nilipita hapa namna hii," akasema. "Nilijua ungeniomba nafasi, na mimi sikutaka kukupa. Leo nimekuja kukuaga, Mwanabibi, kama nilivyotakiwa siku ile."

Machozi yalikuwa yakimtoka Mwanabibi, na hakuyafuta. Kisha akainama, akauokota ule mche, akaubonyeza udongo wake kwa kidole kuona kama umekauka.

"Unaniaga," akasema, "na mche huu atautia maji nani?"