Kiwiko Kisipande Juu ya Bega

"Inua tena," alisema mtaalamu wa viungo, kijana mwenye ndevu za kuhesabika. "Pembeni, polepole."

Msusi akainua. Mkono wa kulia ukapanda mpaka usawa wa sikio.

"Umeona? Niandikie nirudi kazini."

Kijana hakuandika. Alisimama nyuma yake, akaweka kiganja juu ya bega, akalikandamiza chini. "Sasa inua."

Mkono ukakwama usawa wa mbavu. Kusogea zaidi ya hapo kulikuwa kama kuchomwa kisu.

"Mwanzo ulikuwa unapandisha bega zima mpaka shingoni, mama. Kuna msuli mdogo hapa, juu ya bapa la bega. Huo ndio unaoanza kuinua mkono, na ndio unaoshikilia kichwa cha mfupa kikae kwenye kikombe chake. Huu mkubwa wa nje unafuata. Ule mdogo wako umechanika, kwa hiyo shingo inafanya kazi isiyo yake."

"Shingo yangu, bega langu. Wewe kinakuwasha nini?"

"Wiki sita nyingine. Kiwiko kisipande juu ya bega."

Wiki saba alishazimaliza nyumbani, akifanya mazoezi ya kutambaza vidole ukutani kama mjusi. Na mwenye saluni alishasema: asipoonekana Jumatatu, kiti chake anapewa mwingine. Kiti alichokisimamia miaka kumi na tisa.

Jumatatu akaenda.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, mrefu kama nguzo, na kiti chenyewe kilishagoma kushuka. Msusi alisuka mistari minne kwa ukaidi mtupu. Kwenye wa tano mwalimu akajitazama kiooni.

"Dada, kulia umenivuta mpaka jicho limepanda. Kushoto kunaning'inia."

Msusi akatazama kioo. Kweli, mistari ilikwenda upogo. Na bega lake lilikuwa limepanda mpaka kwenye hereni. Akatamani kulitukana.

Akafumua yote mitano. Akavuta kigoda cha kuoshea miguu. "Shuka, ukae hapa."

Yeye akakaa kwenye kiti nyuma ya mwalimu, viwiko vikitulia ubavuni. Vidole vikaanza kukimbia.

Mwenye saluni akatokea mlangoni. "Nimenunua viti vya kuzunguka, wewe unamkalisha mteja chini kama tuko uani?"

"Kiwiko changu hakipandi."

"Basi hujapona."

"Sijapona. Nasuka."

"Wateja wangu hawaji hapa kukalia vigoda."

"Bosi," alisema mwalimu, kidevu kikiwa kifuani, "mimi nina kipindi saa nane. Mwache amalize kwanza, mtagombana nikishaondoka."

Mwenye saluni akaangalia mistari. Ilikuwa imenyooka. Akafyonya.

"Leo tu."

"Na kesho utaniambia leo tu," alisema msusi, akachukua fungu jingine la nywele.